Hotuba Iliyofika Nairobi Kabla ya Kusemwa

Watu wa Kitale na Bungoma wakimkumbuka yule mwandishi mkongwe wa siasa, humkumbuka kwa mambo makubwa. Kwamba aliwahi kumuuliza waziri swali moja mbele ya umati, na waziri akaondoka akasahau kofia yake jukwaani. Kwamba alilazwa seli kwa sababu ya aya tatu, akaachiliwa asubuhi, akaenda moja kwa moja kuandika ya nne. Alianza kuandika siasa za upande wetu nikiwa bado sijui kusoma. Mimi nilifanya kazi kando yake kwa miaka michache tu, na ninayoikumbuka zaidi ni Jumamosi moja ambayo hakuna aliyekamatwa, hakuna aliyepigwa, na karibu watu wote waliokuwapo walikuwa wameketi kimya.

Nilifika Kitale mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikiwa na shahada ya fasihi na jozi moja ya viatu vinavyofaa tope. Habari yangu ya kwanza ilihusu mahindi yaliyooza ghalani. Niliianza na jua likichomoza juu ya Mlima Elgon, na ukungu, na umande. Mzee, kama tulivyomwita wote, aliisoma akiwa amesimama, miwani imeshuka puani, kisha akanirudishia karatasi.

"Jua lilichomoza," akasema. "Sawa. Na mahindi je, Profesa?"

Tangu siku hiyo niliitwa Profesa, hata na watu ambao hawakuwahi kujua jina langu halisi.

Chumba chetu kilikuwa nyuma ya duka la vipuri vya matrekta. Mwenye duka alikuwa Kalasinga mmoja wa makamo, mzaliwa wa Kitale, aliyetupangisha kwa sharti kwamba kila asubuhi Mzee ampe muhtasari wa siasa kabla ya magazeti kufika. Ndani mlikuwa na meza moja, simu moja na mashine ya kupiga chapa ambayo herufi yake moja ilikuwa imeng'oka. Tulikuwa waandishi wawili tuliokaa humo kila siku, mimi wa gazeti moja, yeye wa gazeti jingine. Kule Nairobi magazeti yetu yalikuwa hayasalimiani. Huku Kitale tuligawana meza, tukagawana chai, na zaidi ya yote tukagawana habari. Mzee angeandika yake, kisha anisomee, nami niigeuze kichwa chini miguu juu ili isifanane na yake. Hakuna aliyetaka kuulizwa na mhariri wake, "Mbona wenzako wanayo?" Hilo ndilo lilikuwa swali tuliloliogopa kuliko polisi.

Tulikuwa na desturi nyingine, na hiyo ndiyo iliyotufikisha kwenye Jumamosi yenyewe.

Gazeti la Jumapili lililouzwa kwetu lilichapishwa mapema kwa sababu ya umbali. Kurasa zake zilifungwa Jumamosi saa nane mchana. Lakini siasa za upande wetu husemwa matangani, na matangani mwanasiasa hapewi nafasi hadi kwaya iimbe, mahubiri yaishe, wakwe waseme, na walimu waliofanya kazi na marehemu waseme, hapo ni saa tisa, saa kumi. Tungesubiri asikike, Jumapili yote ingepita bila neno moja kutoka Trans-Nzoia wala Bungoma. Kwa hiyo tulitanguliza. Hilo ndilo neno letu. Jumamosi asubuhi msaidizi wa mheshimiwa angekuja kunywa chai nasi, atueleze bosi wake atasema nini. Mzee angeandika kwamba mheshimiwa alisema jana, kwamba waombolezaji walishangilia, kisha aisome yote kwa simu hadi Nairobi. Waombolezaji wenyewe saa hizo walikuwa bado wanaoga majumbani mwao. Baadaye tungeenda matangani kutazama habari yetu ikitimia.

Na ilitimia. Aliyetaka isemwe alikuwa mheshimiwa mwenyewe, sasa angeisahau vipi? Mara moja nilimwona mbunge akikwama katikati ya hotuba, na Mzee akakohoa, akamnong'onezea neno lililofuata. Wahariri wetu Nairobi walikuwa na saa ukutani na walijua matanga huisha lini. Walipokea habari saa nne asubuhi kuhusu maneno ya saa kumi jioni, na hawakuuliza. Kilikuwa kitu ambacho kila mtu alikijua na hakuna aliyekitamka.

Mwaka ule kulikuwa na uchaguzi, na rais aliyekuwa madarakani tangu nikiwa na kaptula za shule alikuwa anaondoka. Kila mwanasiasa alikuwa na mguu mmoja ndani ya chama chake na mwingine nje. Mbunge mmoja wa upande wa Bungoma alisubiriwa kuliko wote, kwa sababu ilisemekana angehama na nusu ya madiwani. Mzee alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Gazeti lake lilikuwa limeshaanza kuzungumza juu ya sherehe ya kumuaga, na kumpa safu ya kila wiki awe anaandika akiwa nyumbani. Aliizungumzia safu hiyo kama mtu anayetaja mchumba. Katika miaka yake yote hakuwahi kuandikiwa masahihisho gazetini hata mara moja, na jambo hilo alilitaja mara nyingi kuliko lilivyohitaji.

Jumamosi hiyo msaidizi wa mbunge alifika mapema, amevaa suti na raba.

"Mzee, leo ndiyo leo," akasema kabla hajaketi. "Mheshimiwa anatoka chama. Anatangaza kule kwa marehemu mwalimu, karibu na Lugulu."

Mzee akashusha kikombe. "Kule si matanga. Mwalimu alizikwa Alhamisi. Leo ni kumuse."

"Si ni watu tu, bana? Watu ni wengi. Watu ni watu."

Lazima niseme kumuse ni nini, ingawa mimi mwenyewe niliijua kwa kusimuliwa. Mama yangu ni wa Webuye lakini nilikulia Nakuru. Kwa Wabukusu, mzee wa heshima akishazikwa, siku chache baadaye watu hukusanyika tena nyumbani kwake. Anakuja mfariji, mtu wa ukoo unaoruhusiwa kazi hiyo, akiwa na vazi lake na fimbo yake. Watu wanaketi pande mbili, na katikati wanamwachia njia. Anatembea njia hiyo akienda na kurudi, akisema: watu walitoka wapi, walipigana na nani, marehemu aliishi vipi, walio hai waishi vipi. Akianza, hakuna anayesimama. Hakuna anayekatiza mbele yake. Watoto wanaolia wameshaondolewa. Hata mvua ikinyesha, mnaketi mnanyeshewa.

Mzee aliyajua hayo tangu utotoni. Marehemu alikuwa mwalimu wake wa shule ya msingi. Nilimwona akisita, kidole kikiwa juu ya mashine ya kupiga chapa. Kisha akauliza, "Atasema wakati gani?"

"Mfariji akimaliza tu. Tumeongea na familia."

"Mmeongea na nani wa familia?"

"Familia," msaidizi akasema, na kuchukua andazi la pili.

Mzee akaandika. Aliandika vizuri kuliko nilivyowahi kumwona akiandika, na alipomaliza kusoma kwa simu, mhariri wa zamu mwenyewe alikuja kwenye laini kumpongeza. Ukurasa wa kwanza. Mimi nikasema nitatuma yangu baadaye, tukifika. Ukweli ni kwamba nilikuwa bado nahangaika na sentensi ya kwanza.

Tulikwenda na Peugeot yake kupitia Kimilili. Nyumbani kwa marehemu magari yalikuwa mengi, na ya mheshimiwa yalikuwa yanazidi kuingia nyuma yetu. Mjane alikuwa ameketi mlangoni, kitambaa cheupe kichwani. Mzee akamwendea, akainama.

"Mayi, pole."

"Asante, mwanangu. Umekuja na kalamu?"

"Nimekuja nayo, mayi. Ni kazi."

"Andika juu ya mwalimu," mjane akasema. "Siasa mzikalie huko Kitale. Hapa leo sitaki."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikaona shingo ya Mzee ikikakamaa. "Sawa, mayi," akasema.

Tulipoondoka pale nikamnong'oneza, "Tupige simu sasa hivi, tuiondoe ile habari."

"Familia ina watu wengi," akajibu. "Huenda wanawe wamekubali." Lakini alikuwa anatafuta msaidizi kwa macho, na msaidizi alikuwa haonekani. Kisha wazee wa rika lake wakamwona, wakamvuta mkono kwa nguvu hadi mbele, wakamketisha kati yao kwenye benchi kando ya njia ya mfariji. Mimi, mtoto wa mjini, nikaachwa nyuma kabisa karibu na jiko. Kabla hatujaweza hata kutazamana, kelele zilikatika kama redio iliyoishiwa betri, na mfariji akaingia.

Alikuwa mrefu, si mzee kama nilivyotarajia, na sauti yake haikuwa kubwa. Hakuihitaji iwe kubwa. Watu mia kadhaa walikuwa wamenyamaza hivi kwamba nilisikia fimbo yake ikigusa udongo. Nilielewa nusu ya maneno yake, na nusu nyingine nilielezwa baadaye. Alisimulia safari za koo. Alisimulia jinsi mwalimu alivyokataa kuhamishwa shule mara tatu mfululizo. Alikwenda, akageuka, akarudi. Jua lilipanda. Mheshimiwa alikuwa ameketi mbele kwenye kiti cha mikono, upande wa pili kutoka kwa Mzee, akitabasamu tabasamu la mtu anayesubiri zamu yake.

Kisha mfariji akasimama mbele ya kiti kile. Hakumtazama mheshimiwa. Alitazama juu ya kichwa chake.

"Nikimaliza hapa," akasema, na hili nililielewa lote, "hakuna mtu atafungua mdomo. Si wa kanisa, si wa serikali, si wa kura. Marehemu alifundisha watoto kunyamaza darasani. Mtanyamaza mpaka kwenu. Mtu akisema neno nyuma ya maneno yangu, asiniulize mimi kitakachompata."

Akaendelea na safari yake.

Tabasamu la mheshimiwa lilibaki pale pale usoni, lakini moyoni mwenyewe alikuwa ameshaondoka. Nami nikamtazama Mzee. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya majivu. Nairobi, kwenye ukurasa wa kwanza, mheshimiwa alikuwa ameshasema, tena kwa ufasaha. Waombolezaji walikuwa wameshashangilia. Habari ingefika kwenye nyumba hii kesho asubuhi, kwa jina la mwanafunzi wa marehemu, kwamba watu wa mwalimu walipiga vigelegele vya siasa baada ya mfariji. Miaka yake yote ya kuaminika, huku na kule Nairobi, ilikuwa imefungwa ndani ya aya zile.

Hakuweza kusimama. Aliketi mahali ambapo akinyanyuka tu, atakuwa amekatiza njia. Akanitafuta kwa macho juu ya vichwa vya watu, akaniona, kisha akatazama upande wa barabara. Mara moja tu. Ilitosha.

Nikaanza kurudi nyuma nikiwa nimechuchumaa. Sijawahi kuwa mwepesi. Nilikuwa nimefika kwenye kona ya jiko nikisuguana na sufuria, mkono ukanishika kola.

"Wewe unaenda wapi?" Alikuwa mama mnene mwenye mwiko, akinong'ona kwa hasira.

"Choo, mayi."

"Choo itangoja. Kaa chini."

"Mayi, ni haraka."

"Hata mfariji ako na tumbo, na anatembea tu. Kaa!"

Nikakaa, miongoni mwa sufuria, kama mtoto aliyeiba nyama. Kimya. Fimbo ikagusa udongo. Saa ya mkono wangu ilikuwa inaelekea saa saba na nikajua siwezi kubaki pale. Nikamwambia ukweli, kwa kunong'ona, kwamba kuna uongo umetumwa Nairobi kuhusu nyumba hii na lazima usimamishwe.

"Uongo gani?"

"Kwamba mheshimiwa amesema siasa hapa. Na ninyi mmeshangilia."

"Sisi?" Aliachilia kola yangu. "Pita nyuma ya migomba. Inama. Usipige chafya."

Nilitambaa nikapita. Kisha nikakimbia hadi kwenye kibanda cha simu karibu na lango la hospitali ya misheni, kwa namna ambayo mtu wa fasihi hukimbia, yaani nikisimama mara nyingi. Simu ya mkononi nilikuwa nayo, kubwa kama tofali, lakini mtandao ulikuwa haujafika huko. Nikapigia chumba cha habari cha gazeti la Mzee, nikamwomba mhariri wa zamu.

"Nani mwenzangu?"

Nikajitambulisha.

"Wewe si ni wa lile gazeti lingine?"

"Ndiyo, lakini nimetumwa na Mzee. Ile habari ya mbunge kuhama mwiondoe. Haijatokea. Haitatokea."

"Ngoja nielewe," akasema, na nikasikia anatabasamu. "Mshindani wangu ananipigia simu Jumamosi, saa moja kabla ya kufunga kurasa, niondoe habari yangu ya ukurasa wa kwanza. Kwa upendo tu."

"Kaka, nakuapia."

"Na kesho ninyi mtakuwa nayo peke yenu. Hapana, bwana. Mzee mwenyewe anipigie. Nitambue sauti yake. La sivyo, inakwenda."

Akakata. Nikapigia gazeti langu, nikidhani angalau huko nitaaminiwa. Mhariri wangu hakunisikiliza hadi mwisho.

"Wao wanayo?"

"Wanayo, lakini si kweli."

"Wanaiweka ukurasa gani?"

"Wa kwanza. Lakini..."

"Basi nitumie aya tano haraka. Na mbona wewe ndiye wa mwisho kila wakati?"

Nilirudi bila kutuma hata aya moja, nikiwa nimelowa jasho, na habari mbaya mbili badala ya moja. Nilipofika migombani watu walikuwa wanaanza kunyanyuka. Mfariji alikuwa amemaliza, akaenda zake moja kwa moja bila kugeuka wala kuaga. Watu walikuwa wanatoka kimya kabisa, mamia ya watu bila sauti, viatu tu. Nikamkuta Mzee nje ya lango, kwenye magari. Peugeot yetu ilikuwa imefungiwa na magari matatu ya mheshimiwa. Mheshimiwa mwenyewe alikuwa amesimama kando ya mlango wa gari lake, anajifuta shingo, na msaidizi yuko hapo.

"Wanataka sauti yako," nikamwambia Mzee. "Mimi hawaniamini."

Msaidizi akaruka. "Mzee, usijali, bana. Hakuna shida. Iache tu. Mheshimiwa hatakana."

"Sitakana," mheshimiwa akasema kwa sauti ya chini, akitazama kama kuna anayemsikia. "Nilikuwa nitasema. Maneno ni yangu. Wewe umeandika vizuri. Nani atalalamika?"

Hapo nilipumua. Nakiri kwamba niliona tumepona. Mwenye maneno hakatai maneno, mhariri amefurahi, sherehe ya kuaga itafanyika, safu itaandikwa. Ilibaki tu Mzee aingie garini, anyamaze.

"Niliandika kwamba ulisema hapa," Mzee akasema. "Leo. Mbele yao."

"Si hiyo ni lugha ya magazeti?"

"Na kwamba walishangilia."

"Watu hushangilia, Mzee. Kila Jumapili mnaandika wameshangilia."

Mzee aligeuka akatazama watu wakitoka langoni, wanawake na wanaume, kimya, wengine wakimpungia kwa kidole tu kwa sababu hawakuruhusiwa kumsalimu. Alinitazama mimi.

"Simu iko wapi?"

"Kwa misheni. Lakini gari limefungiwa."

Mheshimiwa hakuwaita madereva wake wasogeze magari. Sikuelewa papo hapo. Alikuwa ameangalia saa yake, na akaanza kuzungumza taratibu sana kuhusu mvua na kupalilia, kama mtu anayengoja saa nane ipite.

Kando ya barabara kulikuwa na vijana wa baiskeli za bodaboda, wakisubiri abiria. Mzee alikuwa mtu wa mwili mkubwa na siku hiyo alikuwa amevaa suti ya mazishi. Alipanda kwenye kiti cha sponji cha baiskeli ya kwanza, upande upande kama wanawake wa enzi hizo, kwa sababu suruali yake isingekubali vinginevyo. Kijana mwenye baiskeli akageuza kichwa kumtazama.

"Mzee, hiyo mlima iko mbele itatushinda."

"Tutashuka tusukume. Twende."

Mimi nikapanda ya pili. Mlimani walishuka wakasukuma kweli, Mzee akishika usukani upande mmoja na kijana upande mwingine, koti likipeperuka, na nikasikia akihema kwa namna iliyonitisha. Nilimwambia tupumzike. Hakunijibu. Saa nane ilikuwa imekaribia kiasi kwamba niliacha kuitazama.

Kibandani kulikuwa na mama aliyekuwa anaongea na mwanawe Nairobi kuhusu blanketi. Mzee akavua kofia.

"Mama, nisaidie. Dakika moja."

"Na mimi naongea na nani, na ukuta?" akamjibu, kisha akamtazama vizuri, jasho, tai iliyopinda, akasema kwenye simu, "Mwanangu, kuna mzee hapa anataka kufa. Nitakupigia."

Mzee akapiga. Nilisimama karibu naye hivi kwamba nilisikia pande zote mbili.

"Ni mimi. Iondoeni. Mbunge hakusema."

"Mzee!" Mhariri alishtuka. "Kwa hiyo yule kijana alisema kweli? Lakini uliniambia alisema. Iko kwenye ukurasa."

"Nilikuambia kabla hajasema."

"Sikuelewi."

"Niliandika asubuhi. Kabla sijaenda. Kama tunavyofanya Jumamosi zote. Unajua hivyo."

Nilisikia mashine za watu zikilia nyuma ya mhariri, na mtu akiuliza kitu kuhusu picha.

"Mimi sijui hivyo, Mzee," mhariri akasema polepole. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya ofisi. "Hebu rudia ulichosema."

Nilimgusa Mzee begani. Nilitikisa kichwa. Angeweza kusema laini ilikuwa mbaya. Angeweza kusema mbunge alighairi dakika ya mwisho, na hilo halikuwa mbali na kweli. Mhariri alikuwa anampa mlango wa kutokea, au anamchunguza, hadi leo sijui ni kipi kati ya hivyo viwili. Mzee aliutazama mkono wangu kama kitu kilichodondoka juu ya suti yake.

"Nasema niliandika maneno ambayo hayajasemwa," akarudia, wazi, kama anavyowasomea makarani wanaopokea habari kwa simu. "Nimefanya hivyo miaka mingi. Leo hayakusemwa kabisa. Ondoa jina langu hapo. Ondoa yote."

"Unajua nitalazimika kuwaeleza wakubwa?"

"Waeleze."

Waliambiwa. Barua iliyomjia baadaye ilikuwa ya adabu kuliko nilivyotegemea. Ilimshukuru kwa utumishi wake na haikutaja sherehe wala safu. Na wahariri wote wawili, wa kwake na wa kwangu, walitoa agizo kwamba habari za matangani zisitumwe kabla ya wakati, kwa hasira ya watu waliogundua jambo jipya. Jumamosi mbili, tatu, tulitii. Kisha kurasa za Jumapili zikaanza kukosa siasa za kwetu, na simu zikaanza kulia saa nne asubuhi zikiuliza kuna nini. Mimi nilidumu mwaka mmoja hivi, nikaenda kufundisha, mahali ambapo mtu anaweza kuongea juu ya jua na umande bila kuulizwa mahindi.

Lakini pale kibandani hayo yote yalikuwa bado. Mhariri alisema, "Sasa nina shimo kwenye ukurasa wa kwanza na dakika chache. Una chochote?"

"Niunganishe na karani."

Karani akaja kwenye laini, sauti niliyoifahamu ya msichana ambaye alizoea kuandika haraka bila kufikiri kwa kuwa habari za Mzee zilikwenda kwa mpangilio ule ule. Mzee alifumba macho. Hakuwa na karatasi. Akaanza kusoma kutoka kichwani: mwalimu mstaafu, karibu na Lugulu, jinsi alivyokataa kuhamishwa mara tatu, jinsi watu walivyoketi juani tangu asubuhi, mfariji na fimbo yake akienda na kurudi. Nukta. Aya mpya. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa anatuma habari ya Jumamosi ambayo ilikuwa imeshatokea, na alikuwa akisimama katikati ya sentensi, akirudi nyuma kusahihisha, kama mimi.

"Ninaendelea," karani akasema. "Mfariji alipomaliza, mheshimiwa alisema nini?"

"Hakusema."

"Na waombolezaji? Walishangilia?"

"Walikwenda nyumbani."

Nilisikia vidole vyake vikisimama. "Mzee, nimalizie vipi?"

"Andika hivyo hivyo," akasema. "Walikwenda nyumbani." Kisha akamrudishia yule mama simu, akamwomba radhi, na akauliza kwa upole sana kama yule mwanawe wa Nairobi alikuwa amelipata blanketi.